Skuta ya Umeme Dodoma: Maswali Ninayoulizwa Kila Ninapotoka

Maswali haya sikuyatunga. Ni yale ninayoulizwa nikiwa kivulini Nyerere Square, nikipimiwa nyanya soko la Majengo, au nikisubiri magari yapungue nivuke barabara ya Iringa. Wengi wanaouliza wana mzazi aliyepata kiharusi au bibi mwenye magoti yaliyochoka. Wengine wenyewe wanatembelea magongo, kama nilivyotembelea mimi tangu polio iliponipitia utotoni. Nimeyaandika ili nisiwe narudia mengine nikiwa juani.

## Mambo ya mwanzo

Hiki ni nini, bajaji au kiti mwendo?

Kipo katikati ya hivyo viwili. Kina kiti, usukani uliosimama kwenye nguzo mbele yako, magurudumu matatu au manne, mota ya umeme na betri zilizofichwa chini ya kiti. Unawasha kwa ufunguo, unabana wenzo mdogo kwa kidole, kinakwenda. Ukiachia wenzo kinasimama chenyewe, kwa sababu breki yake ni ya sumaku na inashika pale umeme unapokatika kwenye mota. Hakina klachi wala gia, na hakipigi kelele.

Skuta nyingi zinakwenda kilomita 6 hadi 8 kwa saa, mwendo wa mtu mwenye haraka zake. Zile kubwa zinafika 12 au 13. Watoto wa mtaani kwangu wanaiita kibajaji, jina la utani ambalo Dodoma hii lina mwenyewe, mwanasiasa Livingstone Lusinde, lakini nimelikubali.

Inamfaa nani?

Mtu anayeweza kukaa wima bila kushikiliwa, anayeona vizuri, na anayeweza kusimama na kupiga hatua mbili tatu hadi kwenye kiti. Kama mgongo haujikazi au kusimama hakuwezekani kabisa, kinachomfaa ni kiti mwendo cha umeme, maana kile hutengenezwa na egemeo la kumshika mtu pande zote. Mwenye kifafa ambacho dawa hazijakituliza, asiendeshe.

Kwa waliopata kiharusi jibu ni refu kidogo. Mkono mmoja kulegea si kizuizi, zipo skuta zinazoendeshwa kwa mkono mmoja tu. Tatizo ni macho. Kuna wagonjwa ambao baada ya kiharusi hawaoni upande mmoja, na wao wenyewe hawajui kama hawauoni. Mzee anaacha ugali wa upande wa kushoto wa sahani, anagonga fremu ya mlango kwa bega lile lile kila siku, nyumbani mnadhani ni uzembe. Mtu huyo akipewa skuta, mtaro utakaokuwa upande ule hatauona. Mpelekeni kwanza kwa mtaalamu wa fiziotherapia, iwe Benjamin Mkapa au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, apimwe hilo hasa.

Baiskeli ya mkono ya magurudumu matatu si ingetosha?

Kwa wengine inatosha, na ni afadhali. Ukiwa unakaa kijijini upande wa Bahi au Mpwapwa, fundi baiskeli yupo, spoku zipo, na haidai chaji. Magurudumu yake makubwa yanapita mchangani kuliko haya yangu madogo. Niliitumia miaka mingi.

Kilichonifanya niiache ni mabega. Mtu wa polio anapofika umri wa makamo, misuli iliyobeba kazi ya miguu kwa miaka yote huanza kudai haki yake. Nilikuwa nafika sokoni nimechoka, na safari ya kurudi bado ipo. Kama mabega yako bado mazima na safari zako ni fupi, usinunue skuta kwa sababu umeiona kwangu.

## Kununua

Ni shilingi ngapi?

Usiulize bei ya mashine peke yake. Weka hesabuni usafiri wa meli, gharama za bandarini, usafiri kutoka Dar hadi huku, na betri mpya, kwa sababu skuta ya mtumba mara nyingi hufika na betri zilizokufa. Betri ni kipande kikubwa cha gharama yote, na baada ya miaka miwili au mitatu utanunua nyingine.

Habari njema ni ushuru. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ina msamaha kwa vifaa vilivyotengenezwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu. Shughulikia karatasi kabla mzigo haujapakiwa, ukiwa na barua ya daktari na kitambulisho. Mzigo ukishakaa bandarini, kila siku ya kusubiri barua ni pesa.

Nikipata ya mtumba nikague nini?

Angalia chaja kabla ya rangi. Skuta iliyotoka Marekani inaweza kuja na chaja ya volti 110, na sisi umeme wetu ni 230. Ukiichomeka ukutani bila kusoma, utasikia mlio mmoja na harufu. Geuza chaja usome maandishi ya mgongoni: ikiandikwa 100–240 haina shida, tafuta tu plagi ya pini tatu.

Kisha ikalie, washa, panda nayo mwinuko mdogo uachie wenzo katikati. Ikishuka nyuma hata shubiri moja, breki ya sumaku imekwisha. Mwisho pima nafasi kati ya tumbo la skuta na ardhi. Zile ndogo za kukunjwa zina sentimita tano hadi nane, nazo ziliundwa kwa ajili ya sakafu za maduka makubwa. Hapa kwetu zinakwama kwenye tuta la kwanza. Tafuta inayofika kumi au zaidi.

Magurudumu matatu au manne?

Manne. Matatu yanakata kona vizuri ndani ya nyumba, lakini nje, gurudumu la mbele lililo peke yake linaingia kwenye kila ufa wa mfuniko wa mtaro.

## Betri na chaji

Inakula LUKU kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyohofia. Skuta ya kati ina betri mbili za volti 12 zilizounganishwa kuwa volti 24. Kama kila moja ni ya Ah 50 (ampea-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba), kuijaza kutoka sifuri ni yuniti moja na nusu hivi, ukihesabu na unaopotea kwenye chaja. Haifiki shilingi elfu moja. Pasi ya nguo ya familia ya watoto watano inakula zaidi.

Kujaa huchukua saa sita hadi kumi, kwa hiyo ichomeke usiku. Umeme ukikatika na kurudi chaja inaendelea yenyewe, ila weka kifaa cha kuzuia umeme kupanda ghafla. Niliunguza chaja moja kwa kukipuuza.

Kwa chaji moja unafika wapi?

Hili ndilo swali lenyewe, mengine yote ni mapambo. Karatasi ya skuta yangu inasema kilomita 30. Iliyoandikwa ni ya mtu mwembamba, barabara ya lami, tambarare, betri mpya, bila upepo. Dodoma napata 14, nikibahatika 16. Mchanga unakula, mwinuko unakula, na upepo wa Julai hadi Septemba ukikupiga usoni kutoka mjini hadi Nzuguni unakula kama mwinuko.

Ninachofuata ni theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya mambo ya Mungu. Mshale wa betri ukishuka theluthi moja, nageuza, hata kama ninakokwenda nakuona kwa macho. Na usiuamini sana mshale wenyewe. Kwenye betri za risasi na asidi unasoma volti tu: unakaa juu muda mrefu ukikubembeleza, halafu unaanguka kwa haraka dakika za mwisho. Usome ukiwa kwenye mwendo. Ukisimama kupumzika utapanda kidogo na kukudanganya.

Angalia pia mteremko wa safari yako. Anayekaa Kilimani au maeneo ya UDOM anashuka mjini asubuhi kwa raha, betri karibu nzima, kisha anasahau kwamba jioni yote ile ni kupanda.

Kwa nini betri zangu zimekufa ndani ya mwaka?

Sababu ni mbili, na huenda unazo zote. Ya kwanza ni joto. Betri za risasi zinapenda nyuzi 25, na kwa kila nyuzi kumi juu ya hapo maisha yake hupungua karibu nusu. Skuta iliyoegeshwa chini ya bati tupu mwezi wa kumi na moja inapikwa. Iweke chumbani au chini ya mwarobaini.

Ya pili ni kuilaza na njaa. Betri iliyoisha ikikaa siku kadhaa bila chaji, ndani yake hujijenga ukoko mgumu ambao chaja haiutoi tena. Ichaji kila siku uliyoitumia, hata kama umekwenda dukani tu. Na ukisafiri wiki mbili, mwachie mtu maagizo.

## Njiani

Unapita upande gani wa barabara?

Naendesha kama mtembea kwa miguu, si kama bodaboda. Penye njia ya waenda kwa miguu napita hapo. Pasipokuwa nayo nakaa kulia, nikitazamana na magari, ili lori lisinijie mgongoni bila kuliona. Uingereza wamezigawa: zinazoishia maili 4 kwa saa hupita njia ya waenda kwa miguu, na zinazofika maili 8 zinaruhusiwa barabarani. Nimeuazima mgawanyo huo: kwenye watu natembea mwendo wao.

Nina kijiti cha fimbo ya uvuvi chenye kitambaa chekundu juu, kwa sababu dereva wa kirikuu haoni kitu kilicho chini ya kioo chake. Kikoti cha kung'aa pia. Usiku natoka kwa dharura tu.

Mchanga unaupitaje?

Nenda asubuhi. Mchanga wenye umande umeshikana, wa saa nane mchana ni unga. Fuata alama za bodaboda, wao wameshaushindilia. Ukiwa ndani usisimame na usikate kona ya ghafla. Egemea nyuma kidogo, uzito uwe juu ya magurudumu yanayosukuma.

Magurudumu yakianza kuzunguka bila kwenda, achia wenzo hapo hapo. Ukilazimisha yanachimba, na mota ikipata moto mno skuta hujizima ili isiungue. Subiri dakika kumi na tano kivulini, itawaka. Kujinasua, shuka kama unaweza, weka wenzo wa nyuma kwenye hali ya kusukumwa, waombe vijana wawili. Lakini kumbuka ukiweka hali hiyo hakuna breki yoyote. Usiiweke kamwe kwenye mteremko, hata kama wanaokusaidia wana haraka.

Pancha?

Miba ya mgunga ni mirefu na inaonekana. Adui wa kweli ni mbigili, ile punje ndogo yenye pembe inayokaa pembeni mwa kila njia wakati wa kiangazi. Mwaka wa kwanza nilipata pancha saba ndani ya miezi miwili.

Ukitembea kwenye lami tu, funga matairi magumu yasiyo na upepo usahau habari hii, ingawa mgongo utalalamika. Mimi sikuyataka kwa sababu ya mchanga. Nimebaki na ya upepo, nimetia dawa ya pancha ndani, na nina tyubu mbili za akiba. Hizo tyubu agiza pamoja na skuta. Saizi zake ni ndogo kuliko za toroli, na fundi baiskeli wa Majengo atakutazama kwa huruma tu. Kuziba anajua, tyubu ndiyo hana.

Mitaro, matuta na vizingiti?

Kizingiti au tuta liendee uso kwa uso, magurudumu mawili ya mbele yaguse kwa pamoja, ukiinamia mbele. Ukilichukua kwa mshazari, skuta inaegemea upande mmoja na wewe unakuwa uzito wa kuimalizia. Mteremko hivyo hivyo: panda moja kwa moja, shuka moja kwa moja, usikate ubavuni. Kinachozidi upana wa kiganja kwa kimo, tafuta pengine pa kupita. Mtaro usio na mfuniko sina ujanja nao, nazunguka.

Na kifuku?

Mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, nyingi zinapiga mchana na kuisha. Manyunyu hayana neno. Funika usukani kwa kipande cha turubai maana swichi zote ziko pale. Maji yakizidi kitovu cha gurudumu, rudi. Korongo lenye maji usilivuke kabisa, hata kama jua linawaka ulipo. Mvua inaweza kuwa imenyesha mlimani usikokuona, na maji ya makorongo yetu huja kama ukuta.

## Kutoka kupunga upepo

Mtu anaweza kwenda wapi ndani ya mji?

Nyerere Square ndiyo shule ya kujifunzia: tambarare, imesakafiwa, ina kivuli na viti vya yule anayekusindikiza. Chinangali Park jioni ni nzuri kwa wenye watoto. Soko la Job Ndugai pale Nzuguni lina nafasi kuliko Majengo, ambako nafika asubuhi tu kabla bidhaa hazijamwagwa njiani. Wakati wa Nanenane viwanja vya Nzuguni vinapendeza, lakini nenda siku za mwanzo wa Agosti. Tarehe 8 yenyewe ni umati, na mtu aliyekaa anaona migongo tu.

Niulize napenda wapi, nitasema mashamba ya zabibu. Mistari ya mizabibu imesimama kwa kimo changu nikiwa nimekaa, kwa hiyo kwa mara moja wanaoinama ni wengine. Omba ruhusa kwanza, na ukiamkia kwa Kigogo, "Mbukwenyi", mlango unafunguka haraka. Njia za katikati zina mchanga (tazama swali la mchanga), basi naishia mistari ya pembeni.

Na nje ya mji?

Hombolo, bwawani. Skuta inapanda kirikuu au guta kwa mbao mbili pana, ikiwa imezimwa na mtu hajaikalia, na inafungwa kamba kwenye fremu, si kwenye usukani. Ndogo zinafunguka vipande vinne au vitano zikaingia buti ya gari. Udongo wa kingoni ni mgumu kiangazi. Ndege ni wengi asubuhi, wavuvi wanarudi na perege, na kelele ni ya maji tu.

Singida iko kilomita zipatazo 240, lakini ukiwa na ndugu kule, ziwa Singidani liko karibu na mji na heroe huonekana majini. Usiingie kwenye tope la chumvi linalong'aa pembezoni, juu kavu chini uji.

Michoro ya Kondoa je?

Nitasema kweli: kwa skuta, hapana. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, iko kwenye miteremko ya mawe, na kuifikia ni kupanda kwa miguu. Nilifika Kolo kwa gari, lami ni nzuri, nikaangalia vilivyo kwenye jengo la mambo ya kale pale chini, wanangu wakapanda na simu wakaniletea picha. Nilikasirika kidogo, halafu nikala mahindi ya kuchoma.

## Mambo yasiyo ya kila siku

Naweza kusafiri nayo kwa treni ya SGR au ndege?

Treni ya umeme ya Dar–Dodoma, iliyoanza 2024, imerahisisha mambo kuliko basi, ambako ngazi za mlango ndizo mtihani. Kabla ya kukata tiketi, wape vipimo vya skuta: urefu, upana na uzito. Ukisema "kigari kidogo" kila mtu anawaza chake.

Ndege inauliza betri. Za risasi zilizofungwa zisizomwaga asidi kwa kawaida hubaki ndani ya skuta. Za lithiamu zinazochomolewa zina kikomo cha Wh 300 (wati-saa, imeandikwa kwenye betri), na zinapanda na wewe ndani, si mizigoni. Toa taarifa saa 48 kabla.

Ikizima katikati ya njia?

Angalia ufunguo, kisha kitufe cha fyuzi nyuma ya kiti; kikiwa kimechomoza, kibonyeze. Halafu angalia kama wenzo wa kusukuma umeachwa chini, maana skuta haiwaki ukiwa hivyo. Makosa mengi ni hayo matatu. Yasipokuwa hayo, ita guta. Nina namba za waendesha guta wawili wa mtaani, na nimewahi kuzihitaji kwa sababu nilivunja sharti langu mwenyewe la theluthi nikifuata harusi Ipagala.

Kuna mkopo wowote?

Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Ni ya biashara, kwa hiyo andiko lako lieleze skuta itazalisha nini: kupeleka bidhaa, kufika kwenye kibanda. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ukizuiwa kuingia jengo la umma kwa sababu ya ngazi, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 iko upande wako, waone SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu.

Wajukuu wanaweza kudandia?

Hapana. Uzito nyuma unainua magurudumu ya mbele.

Mama, naweza kuijaribu kidogo?

Ndiyo. Nitakuwekea mwendo wa kobe. Wote mnakosea kitu kimoja: mkishtuka, mnabana zaidi. Ukishtuka, achia. Njoo Nyerere Square Jumamosi kabla ya saa tatu asubuhi, jua likiwa bado na adabu.